Kiti cha Mbunge na Ukomo wa Rais

Uwanja wa Mel Lastman, hapa North York, Kanada, kandokando ya barabara ya Yonge, una jina la mtu aliyekuwa meya kuanzia 1973 hadi 1997. Miaka yote hiyo hakuna sheria iliyomwekea ukomo, wala hakusimamishwa na chama, kwa kuwa uchaguzi wa miji ya Ontario hauna wagombea wa vyama. Tukikutana Waafrika Mashariki wa huku, na mazungumzo yakafika kwenye mihula ya marais wetu, hakosi wa kuutoa mfano huo: Kanada haina ukomo na mambo yanakwenda, sisi wa nini?

Swali hilo nalichukulia kwa uzito, maana kwetu huulizwa pia na watu wenye uwezo wa kubadili katiba.

Ni kweli waziri mkuu wa Kanada hana ukomo wa mihula. Lakini anakaa kwa ridhaa ya wabunge. Justin Trudeau, baada ya miaka tisa madarakani, alitangaza Januari 6, 2025 kwamba ataondoka, na shinikizo kubwa lilitoka kwa wabunge wa chama chake mwenyewe, Liberal. Upande wa pili, Februari 2022, wabunge wa Conservative walipiga kura ya siri wakamwondoa kiongozi wao, Erin O'Toole, kwa kura 73 dhidi ya 45.

Ujasiri huo wa wabunge una msingi wa kisheria: mbunge akiachana na chama hapotezi kiti. Jimbo la Don Valley North, lililomo humuhumu North York, mbunge wake Han Dong alitoka kundi la wabunge wa Liberal Machi 2023, akaendelea kuketi bungeni kama mbunge wa kujitegemea hadi Bunge lilipovunjwa 2025. Jody Wilson-Raybould alifukuzwa na Liberal Aprili 2019, na Oktoba mwaka huohuo akashinda tena Vancouver bila chama.

Sasa turudi nyumbani. Katiba ya Tanzania, ibara ya 71, inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, ubunge umekwisha. Na bila chama hawezi kugombea. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania suala hilo la mgombea binafsi kwa miaka mingi, hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao Arusha, ikampa ushindi Juni 2013. Sheria haijabadilika.

Unganisha hilo na hesabu ya ibara ya 98. Ukomo wa mihula miwili, ulio katika ibara ya 40, unaweza kuondolewa kwa theluthi mbili ya wabunge. Chama chenye idadi hiyo kikiamua, mbunge anayepinga anajua kwamba kadi yake ya uanachama ndiyo mshahara wake na sauti ya jimbo lake. Kinga yetu, basi, imebaki kuwa busara ya vikao vya chama. Mwaka 2000 busara hiyo ilifanya kazi: hoja ya kumwongezea Dk. Salmin Amour muhula wa tatu wa urais Zanzibar ilikwama ndani ya chama chake mwenyewe, CCM. Nawaheshimu waliosimama siku zile, ila sitaki nchi itegemee tena bahati ya kuwa na watu kama hao kikaoni.

Uganda inanisikitisha zaidi. Julai 2005 wananchi waliitwa kwenye kura ya maoni kuamua kama vyama vingi virudi. Mwaka huohuo Bunge liliondoa ukomo wa mihula ya rais, na kuhusu hilo wananchi hawakuulizwa. Kenya ilijifunza: ibara ya 255 ya katiba ya 2010 inataka kura ya maoni kabla muda wa rais haujaguswa.

Kwa hiyo nikiulizwa tuanze wapi, jibu langu ni ibara ya 71, mbunge awe huru kubaki na kiti chake. Kisha ukomo wa rais uwekwe mikononi mwa wapiga kura, kama Kenya. Rasimu ya katiba mpya ya Tanzania iliyotolewa na Tume ya Jaji Warioba, mwaka 2013, ilikwisha kumfungulia mlango mgombea huru. Kura ya maoni ya katiba mpya ilipangwa Aprili 2015, ikaahirishwa, na hadi leo hatujaitwa kuipiga.