Kuandika Pasipo Kusita: Juu ya Zoezi la Dakika Kumi la Kujitafakari, kwa Mfano wa Mpitimbi, Songea

Makusudi ya makala haya ni kueleza zoezi moja dogo la uandishi, namna lifanywavyo, na sababu zinazonifanya niamini kuwa lawahusu wanafunzi wa Kiswahili kuliko linavyodhaniwa. Zoezi lenyewe ni hili: mwandishi hupewa kidokezo, yaani swali au neno la kuanzia, kisha huandika kwa dakika kumi pasipo kusita, pasipo kufuta, na pasipo kujali tahajia wala sarufi. Neno likimkwama, huandika kwamba limemkwama, na kalamu huendelea. Muda ukitimia, huweka kalamu chini. Maandishi hayo hayasahihishwi wala hayapewi alama.

Asili ya zoezi

Zoezi hili si geni ulimwenguni. Mwaka 1934 Dorothea Brande wa Marekani aliwashauri waandishi wanafunzi waamke mapema kuliko desturi yao, waandike chochote kabla ya kusoma au kuzungumza na mtu. Mwaka 1973 Peter Elbow, mwalimu wa huko huko, alitoa kitabu kilicholieneza zoezi la dakika kumi katika vyuo vingi. Yafaa ikumbukwe kuwa Elbow mwenyewe aliwahi kuyaacha masomo ya juu kwa kushindwa kuandika. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba kutunga na kusahihisha ni kazi mbili, na mwenye kuzifanya kwa wakati mmoja huzidhoofisha zote mbili.

Ama kuhusu kujitafakari, mtafiti aliyesikika zaidi ni James Pennebaker. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1986, yeye na Sandra Beall waliwataka wanafunzi 46 waandike dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Baadhi waliandika juu ya mambo madogo, na wengine juu ya misiba iliyowahi kuwapata. Walioandika matukio ya msiba pamoja na hisia zao walikwenda kwa mganga mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Lakini mara tu baada ya kuandika, walikuwa na huzuni zaidi. Jambo hili la pili aghalabu husahauliwa, nami nitalirejea.

Mpitimbi na lugha mbili

Nachukua mfano wa Mpitimbi, katika Wilaya ya Songea, Mkoa wa Ruvuma, kwa kuwa hali yake ya lugha ndiyo hali ya shule nyingi za bara. Ni nchi ya wakulima wa mahindi, na Kingoni ni lugha ya nyumbani kwa watu wengi. Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule ya msingi. Katika sekondari mafundisho ni kwa Kiingereza, na Kiswahili husomwa kama somo. Basi kijana aweza kuwa na lugha ya mama yake, lugha ya shule, na lugha ya mtihani, zote katika siku moja.

Watu wa Songea wana historia yao juu ya jambo hili. Wangoni walioingia nchi hiyo katika karne ya 19 walikuja na lugha ya jamii ya Kinguni kutoka kusini mwa Afrika. Taratibu lugha hiyo ilimezwa na lugha za wenyeji. Jina la Kingoni likabaki, maneno yakawa mengine. Swali linalotukabili leo ni jipya kidogo: je, mtoto aliyejifunza Kiswahili darasani anakitumia kujisemea moyoni, au anakitumia kumjibu mwalimu tu?

Nauliza kwa sababu nami nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Nilifundishwa kuanza insha kwa jua linalochomoza na ndege wanaoimba, hata kama asubuhi niliyoiandika ilikuwa ya mvua. Miaka mingi baadaye, nikiwa masomoni ng'ambo, nililijaribu zoezi la dakika kumi kwa Kiingereza, nikajaza kurasa. Nilipolijaribu kwa Kiswahili nikajikuta naandika methali. Sikuwa na upungufu wa msamiati. Nilikuwa na mazoea ya kukitumia Kiswahili kusema yaliyo ya watu wote.

Nafsi katika kitenzi

Hapa sarufi yatusaidia kuona. Kiswahili kina njia nyingi nzuri za kumsitiri msemaji. Kiambishi hu- cha mazoea hakichukui kiambishi cha nafsi: mimi huenda, wewe huenda, wao huenda. Ndiyo maana methali hukipenda. Mwanafunzi anayeandika kwamba «mtu akifiwa huhuzunika» amesema kweli, lakini hayumo ndani ya sentensi. Nathari yetu ya mwanzo ina mifano mingi ya namna hii. Maelezo ya Mtoro bin Mwinyi Bakari juu ya desturi za Waswahili, yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, yana thamani kubwa kwa sababu yanaeleza wafanyavyo watu, si alivyoona moyoni mtu mmoja.

Kiambishi -ka- nacho kina mtego wake. Huunga tendo kwa tendo, nayo hadithi ikasonga mbele: nikaamka, nikaenda, nikamkuta. Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ni kielelezo mashuhuri: nafsi ya kwanza imo tangu mwanzo hata mwisho, lakini imo katika safari, vita na biashara. Kinyume chake, Shaaban Robert katika Maisha Yangu alionyesha kwamba nathari ya Kiswahili yaweza kusimama na kumhoji mwenye kuisema. Basi lugha haina kosa. Kinachotakiwa ni mazoezi.

Natoa mfano niliotunga mwenyewe, wa mwanafunzi wa Mpitimbi aliyepewa kidokezo «jembe la nyumbani kwetu»:

«Jembe la nyumbani kwetu ni la mama. Hutumika kulima mahindi. Kilimo huleta maendeleo. Mpini wake ni mpya. Sina la kuandika, sina la kuandika. Mpini wa zamani aliuchonga baba. Ulivunjika mwaka ule aliofariki, mama akauweka darini, akakataa usichomwe. Mimi nilitaka uchomwe. Sijui kwa nini nilitaka.»

Sentensi ya pili na ya tatu ni za shule. Kisha njia ikafungwa, na kwa kuwa muda ulikuwa bado na kalamu hairuhusiwi kusimama, mwandishi alilazimika kupita pengine. Hu- imetoweka, nafsi ya kwanza imeingia, na sentensi ya mwisho ni swali ambalo hakuna mwalimu aliyeliuliza. Hiyo ndiyo kazi ya saa. Dakika kumi ni nyingi kiasi cha kumaliza akiba ya maneno ya kuazima, na ni chache kiasi cha kutomchosha mtu.

Kidokezo

Ubora wa zoezi wategemea kidokezo. «Eleza umuhimu wa Vita vya Majimaji» ni swali la mtihani, nalo litapata jibu la mtihani. Lakini «Ni nani aliyekusimulia Vita vya Majimaji kwa mara ya kwanza, na mlikuwa mmekaa wapi?» ni swali ambalo kila mtoto wa Songea, mji walikonyongwa viongozi wa Wangoni tarehe 27 Februari 1906, atalijibu kwa namna yake. Kidokezo chema hutaja kitu, mahali au mtu, wala hakitaji fundisho.

Kwa kuwa -ka- yaweza kuyajaza matukio matupu katika dakika zote kumi, napendekeza kidokezo cha pili. Mwandishi asome aliyoyaandika, achague sentensi moja inayomsumbua, kisha aandike dakika tano akianza na maneno «Siku zile sikujua kwamba». Mwanzo huo huizuia hadithi isikimbie, na humrudisha mwandishi kwa nafsi yake.

Neno la Kiswahili lisipopatikana, aandike la Kingoni. Kulikataza ni kuisimamisha kalamu. Baadaye mwandishi mwenyewe ataamua kama lina tafsiri.

Masharti

Hapana budi kusema pia juu ya hatari. Katika kijiji watu hujuana, na daftari lililosahaulika juu ya dawati laweza kuitangaza siri ya nyumba nzima. Kwa hiyo karatasi ni mali ya mwandishi: aichukue, aifiche, au aichome. Asilazimishwe kusoma mbele ya wenzake. Mwalimu aseme mapema kwamba mtu aweza kukiacha kidokezo kinachomuumiza na kuchagua kingine, kwani tumeona kuwa huzuni huweza kuzidi kwanza. Mtoto akitaka mwenyewe kumwonyesha mwalimu maandishi yanayoeleza kuwa anadhuriwa, hilo si jambo la insha tena. Ni wajibu wa kumlinda. Na mwalimu aandike pamoja na wanafunzi wake, dakika zile zile kumi. Atakayefanya hivyo hatakuwa mwepesi wa kudai karatasi za wengine.

Zoezi hili halidai kitabu wala fedha, na kwa kuwa halisahihishwi, darasa kubwa si kikwazo. Halichukui nafasi ya insha, huitangulia. Hata hivyo faida yake kubwa, kwa maoni yangu, iko nje ya shule. Lugha ambayo watu huitumia kutoa maelezo tu, nao hawaitumii kujiuliza, imepewa nusu ya kazi yake. Nawaomba wanaofundisha Kiswahili mahali ambapo si lugha ya kwanza wajaribu zoezi hili kwa majuma machache, waangalie ni lini hu- inapungua na nafsi ya kwanza inaanza kuuliza, na watueleze waliyoyaona, bila kugusa yaliyomo katika karatasi za watu.