Msomi na Madeni Yake Mawili

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao. Walikuwa wakipinga mpango wa kuwapeleka wahitimu Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, huku kwa sehemu kubwa ya muda huo wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Bango moja lilidai kwamba afadhali enzi za ukoloni. Rais wa wakati huo, Mwalimu Nyerere, aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza zaidi ya 300 warudi makwao. Siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye lilikuja Azimio la Arusha, tamko la ujamaa na kujitegemea.

Ugomvi ule ulihusu deni. Mwalimu aliwahi kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili akalete msaada kutoka mbali: akila akanogewa asirudi, amewasaliti waliomtuma. Wakati huo wasomi walikuwa wachache mno. Chuo kilipofunguliwa mwaka 1961, wanafunzi wake wa kwanza, wote wa sheria, hawakufika hata 20. Aliyemaliza alikuwa na uhakika wa kazi serikalini, na mafanikio yalikuwa na sura moja: ofisi, cheo, nyumba ya serikali.

Sura hiyo bado imo vichwani mwa wazazi wengi, ingawa dunia iliyoizaa imekwisha. Vyuo vimeongezeka, wahitimu ni wengi, na nafasi chache za serikalini zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira hugombewa na umati. Tangu mwaka 2005 kuna Bodi ya Mikopo, ambayo huwapa wanafunzi ada na fedha za kujikimu, zile wanazoziita boom. Msomi wa sasa hadaiwi kwa maneno ya hotuba. Anadaiwa kwa tarakimu, na akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi.

Deni la pili halina mkataba. Linadaiwa na mama aliyeuza mbuzi ili mtoto apate nauli ya kwenda chuoni, na mjomba aliyelipa ada ya kidato cha tano, na wadogo wanaosubiri zamu yao. Mara nyingi husemwa kwamba vijana wa vyuoni, kwa kushinda kwenye simu, wameua utamaduni. Si kweli. Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoingia Tanzania mwaka 2008, ukoo umepata mkono mrefu zaidi. Kamati ya harusi iliyokaa Singida inamfikia kijana aliye hosteli ya Mabibo kupitia kundi la WhatsApp, jina lake likiwa limeshaandikwa pamoja na ahadi yake. Msiba nao ni hivyohivyo. Utamaduni wa kuchangiana haujafa hata kidogo. Umeacha tu kumsubiri mtu afike nyumbani.

Kilichobadilika kweli ni maana ya kutoboa, yaani kufanikiwa maishani. Mwanafunzi anayesomea ualimu huuza mitumba jioni, mwenzake hutengeneza kadi za harusi kwa kompyuta, mwingine hufuga kuku kwenye shamba la kukodi Kibaha. Wengi hawaoni aibu, na hawana sababu ya kuiona. Aibu huanza wanapokwenda likizo. Kijana mwenye kuku 500 huulizwa na shangazi ataajiriwa lini, kana kwamba kazi aifanyayo ni ya kupotezea muda. Swali hilo linaumiza, na linawarudisha wengi kwenye foleni ya kusubiri barua ya ajira ambayo huenda isije.

Serikali imewahi kulegeza upande wake. Sikukuu ya Wafanyakazi mwaka 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kwenye mikopo kila mwaka ili kulinda thamani yake. Deni la ukoo halina wa kulitangazia nafuu. Tuseme mhitimu anaanza na mshahara wa shilingi 700,000. Bodi inachukua 105,000, kisha ije kodi ya mapato, mfuko wa hifadhi ya jamii, na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kabla ada ya mdogo wake haijatajwa. Wazazi wengi hawajawahi kuoneshwa hesabu hii. Ingefaa ipigwe nyumbani, wote wakiwa wamekaa, kabla ya kamati ya sherehe ya mahafali kuitisha kikao chake cha kwanza.