Ndege ya Viti 44

  Mmekwisha jifunza jinsi mwenye basi anavyogawanya gharama za safari kwa idadi ya abiria wake. Leo tutatumia hesabu ileile, lakini tutapanda juu kidogo, maana tutazungumza habari za ndege. Wekeni penseli na karatasi karibu. Wewe unayesoma somo hili katika kitabu, wasomee wenzako polepole.

Kwanza tufahamu mahali penyewe. Katika Bahari ya Hindi, kusini-magharibi ya nchi ya Sri Lanka, iko nchi inayoitwa Maldivi. Nchi hiyo ni visiwa vidogo vidogo vipatavyo 1,200, na watu wenyeji wanakaa katika visiwa kama 200 tu. Mji mkuu ni Malé. Ardhi yote ukiiunganisha haifiki kilometa za mraba 300, na kisiwa kingi waweza kukizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Zamani wenyeji waliishi kwa kuvua samaki, hasa jodari, na kwa biashara ya kauri na kamba za nazi. Katika miaka ya 1960 wajumbe wa Umoja wa Mataifa walifika huko wakasema kwamba visiwa vile havifai kwa utalii. Lakini mwaka 1972 hoteli ya kwanza, Kurumba, ilifunguliwa. Mwaka 2024 watalii waliofika walizidi milioni mbili. Basi wataalamu nao hukosea.

Desturi ya huko ni hoteli moja katika kisiwa kimoja. Mgeni akishuka katika uwanja wa ndege ulio karibu na Malé, huchukuliwa kwa mashua ya injini au kwa ndege ndogo inayotua juu ya maji. Ndege hizo za majini huruka mchana tu, kwa sababu rubani lazima aone maji anayotua. Kwa hiyo mgeni anayefika jua likiwa limekwisha kuchwa hulala karibu na uwanja mpaka asubuhi, na ile hoteli aliyoilipia inamngoja bure. Likumbukeni jambo hili. Saa ya kufika ni sehemu ya bidhaa anayouza mwenye ndege.

Sasa tuje kwenye kampuni yenyewe. Mwezi wa Novemba mwaka 2023 kampuni mpya iitwayo Beond ilianza kuwapeleka watalii Maldivi, kutoka Riyadh katika Saudi Arabia, na kutoka Munich na Zurich huko Ulaya. Ndege yake ya kwanza ilikuwa Airbus A319. Katika ndege ya aina hiyo makampuni mengine huweka viti 120, hata 150 na zaidi. Wao waliweka viti 44 tu, na kila kiti huweza kulazwa kikawa kitanda. Hapakuwa na daraja la pili wala la tatu. Fikirini treni yenye mabehewa ya daraja la kwanza matupu, basi hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Mtu atauliza, kwa nini mfanyabiashara ang'oe viti zaidi ya mia moja ambavyo vingemletea nauli? Tufanye hesabu. Bei nitakazotaja ni za mfano tu, si za kampuni yo yote.

Tuseme safari moja inagharimu dola 66,000, yaani mafuta, mishahara, ushuru wa uwanja, kodi ya ndege na matengenezo. Ukiwa na abiria 150, kila mmoja hubeba dola 440. Ukiwa na abiria 44, kila mmoja hubeba dola 1,500. Hapo hapana ajabu. Yule anayelala kisiwani kwa mamia ya dola kila usiku aweza kulipa nauli hiyo, na safari ya kutoka Munich ni zaidi ya kilometa 7,000. Mimi simlaumu mtu anayetaka kuunyosha mgongo wake kwa mwendo kama huo, maadamu fedha ni zake.

Ugumu uko mbele. Tuseme abiria 14 hawakuja. Katika ndege ya viti 150 wamebaki 136, na mzigo wa kila mmoja umepanda kutoka dola 440 mpaka kama 485. Katika ndege ya viti 44 wamebaki 30, na mzigo umepanda kutoka dola 1,500 mpaka 2,200. Hesabuni tena wenyewe, msiniamini kwa maneno tu. Waliokosekana ni watu 14 kule na 14 huku, lakini ndege moja imekwaruzwa na nyingine imejeruhiwa. Rubani hapungui kwa kuwa viti ni vitupu, wala mafuta hayapungui sana.

Sasa ni lini viti huwa vitupu? Maldivi inafuata pepo zilezile tunazozijua sisi watu wa pwani. Wakati wa kaskazi bahari yao ni shwari na jua ni kali, na huko Ulaya ni baridi ya theluji, basi wageni hufurika. Upepo ukigeuka, kuanzia mwezi wa Mei, mvua huanza na wageni hupungua. Mfanyabiashara anayesafiri kwa kazi husafiri mwaka mzima, na nauli yake hulipwa na kampuni yake. Mtalii hulipa kutoka mfukoni mwake, na huchagua mwezi. Lakini ndege iliyokodiwa hudai kodi yake kaskazi na kusi.

Tena wako washindani. Makampuni makubwa, kama Emirates ya Dubai na Qatar Airways ya Doha, hupeleka ndege kubwa Malé. Mbele wana vitanda vyao, na nyuma wana mamia ya abiria wa nauli ya chini. Vitanda vya mbele vikikosa watu siku moja, wale wa nyuma husaidia kubeba safari. Ndege ya viti 44 haina watu wa nyuma.

Jambo hili lilikwisha jaribiwa kati ya London na New York. Kampuni ya Eos iliweka viti 48 katika ndege ambayo wengine huweka kama 200. MAXjet na Silverjet nazo zilijaribu namna yao. MAXjet ilisimama tarehe 24 Desemba 2007, siku moja kabla ya Krismasi, wakati watu wakiwa na tiketi mikononi. Eos ikasimama Aprili 2008, na Silverjet Mei 2008. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda sana, na fedha za kukopa zimekuwa adimu. Hata hivyo kampuni ya Kifaransa, La Compagnie, ilianza njia ya Paris na New York mwaka 2014, na miaka kumi baadaye ilikuwa ingali inaruka. Kwa hiyo tusiseme kwamba haiwezekani.

Waangalieni wale wenye tiketi za MAXjet. Mtu anayelipa leo kwa safari ya miezi minne ijayo ameikopesha kampuni fedha zake, ijapokuwa hakuandikiwa hati ya deni. Ni kama kumlipa seremala bei yote ya kitanda kabla hajanunua mbao. Kampuni ikifilisika, mwenye tiketi husimama katika mstari wa wadai, na mara nyingi husimama nyuma. Kampuni changa huzipenda sana fedha hizo za mapema, kwa sababu ndizo zinazonunua mafuta ya safari ya leo. Wewe ukilipia basi, lori la mazao au mashua siku nyingi mbele, uliza ni nani atakayekurudishia fedha chombo kisipoondoka, na ulitake jibu lake kwa maandishi.

Zoezi la juma hili. Safari inagharimu dola 66,000, na nauli ni dola 1,800. Ni abiria wangapi wanaotakiwa ili gharama irudi? Katika viti 44, vitabaki vingapi vya faida? Katika kugawanya mtapata sehemu ya mtu. Fikirini mtaifanyaje, maana abiria hakatwi vipande.