Karatasi za Wazee wa Hawaii

Tazameni ramani ya dunia. Katikati ya bahari kubwa ya Pasifiki mtaona visiwa vya Hawaii. Zamani watu wa huko hawakujua kuandika. Wazee walishika habari zote kichwani: majina ya mababu, nyimbo, na nyota zinazoonyesha njia baharini. Nao waliwafundisha watoto kwa mdomo.

Mwaka 1820 wamisionari walifika kutoka Marekani. Wakaanza kuandika lugha ya Hawaii, na mwaka 1822 kurasa za kwanza zikapigwa chapa. Watu wengi wakajifunza kusoma. Tangu mwaka 1834 walipata magazeti kwa lugha yao wenyewe. Humo wazee waliandika hadithi, nyimbo na habari za wafalme wao.

Kisha taabu ikaja. Mwaka 1893 Malkia Liliuokalani aliondolewa katika kiti chake. Mwaka 1896 sheria iliamuru shule zifundishe kwa Kiingereza. Watoto waliosema lugha ya wazazi shuleni waliadhibiwa. Polepole lugha ikaanza kusahauliwa.

Je, maneno ya wazee yalipotea? La. Mwaka 1892, katika mji wa Honolulu, watu walikuwa wameunda Chama cha Historia ya Hawaii. Kazi yake ni kukusanya na kutunza vitabu, magazeti, barua, ramani na picha za kale. Kazi hiyo yataka uangalifu. Jua huharibu karatasi, unyevu huiozesha, na wadudu huila.

Lakini chama hakitunzi mali hiyo ili kuificha. Kina nyumba ya vitabu kwa wanaotaka kusoma. Huwaita watu kusikiliza habari za historia, na huchapisha vitabu. Mwaka 1895 kilitokea kitabu kiitwacho Buke Mele Lahui. Ndani yake watu waliimba upendo wao kwa malkia na kwa nchi. Mwaka 2003 chama kilikichapisha tena. Hivyo wajukuu wakapata nyimbo za mababu mikononi mwao.

Lugha nayo inainuka. Mwaka 1978 ilifanywa tena lugha ya serikali pamoja na Kiingereza. Mwaka 1984 ilifunguliwa shule ya watoto wadogo iitwayo Punana Leo, maana yake kiota cha sauti. Humo watoto hufundishwa kwa lugha ya Hawaii. Leo wako vijana wanaosoma magazeti ya kale bila mkalimani. Kama hakuna aliyezitunza karatasi zile, wangesoma nini?

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Maulizo
1. Zamani wazee wa Hawaii walitunza habari zao namna gani?
2. Ni vitu gani vinavyoharibu karatasi?
3. Chama kinawasaidiaje watu wa Hawaii?
4. Mzee gani kwenu anajua habari za kale? Nenda umwulize, kisha andika maneno yake.