Anwani Moja, Watu Wengi

Ifikapo saa mbili ya usiku katika mtaa wa Ruziba, kusini ya mji wa Bujumbura, kando ya barabara iendayo Rumonge, simu nyingi huwaka kwa wakati mmoja. Huyu anatafuta matokeo ya mpira, yule anamwandikia ndugu yake aliyeko Kigoma, na mwingine anajaza fomu ya kuombea mtoto shule. Kila mmoja hudhani kwamba huko aendako amefika peke yake. Mara nyingi sivyo. Watu hao, pamoja na wengine wa Kanyosha na Kinindo, huweza kuonekana ng'ambo kana kwamba wao ni mtu mmoja.

Askari aliyewahi kuishi kambini hatapata taabu kulielewa jambo hili. Kikosi kizima huweza kutumia sanduku moja la posta. Barua zote hutoka kwa anwani hiyo, na majibu yakirudi, karani ndiye ajuaye ipi ni ya koplo fulani. Kampuni ya intaneti nayo ina karani wake, yaani mtambo uitwao proksi, au mwenziwe ambaye kazi yake ni kubadili anwani tu. Hapo zamani proksi ziliwekwa kwa ajili ya kubana matumizi: nchi isiyo na pwani kama Burundi ilitegemea setilaiti, kwa gharama kubwa, hata kabla ya waya za baharini kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009. Ukurasa uliokwisha kuletwa mara moja ulihifadhiwa, ukagawiwa kwa wengine. Siku hizi sababu kubwa ni uhaba wa anwani zenyewe. Mpango wa zamani wa anwani una nafasi zipatazo bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Mafungu ya mwisho ya akiba kuu yaligawiwa tarehe 3 Februari 2011, na AFRINIC, shirika la kugawa anwani barani Afrika lenye makao yake Mauritius, likaanza kutoa kwa mgao mwaka 2017.

Sasa tuitazame huduma yenyewe. Huduma kubwa haiendeshwi na mashine moja. Huwa nazo kumi, au mia, na mbele yao husimama mgawa mzigo, mfano wa mlinzi wa lango la zahanati anayewaelekeza wagonjwa kwenye madirisha. Ikiwa mlinzi huyo ameamriwa kugawa kwa kutazama anwani ya mgeni, basi kikosi kizima kitapelekwa dirisha la kwanza, na dirisha la pili litabaki likipiga miayo. Mashine moja huelemewa, nyingine hazina kazi, na mtu wa Ruziba hulaumu simu yake.

Kinyume chake pia kimewahi kutokea. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, kampuni ya Marekani iitwayo America Online iliwapitisha wateja wake katika proksi nyingi, hata maombi ya mtu mmoja, ndani ya dakika ile ile, yakatoka kwa anwani mbalimbali. Mlinzi alimpeleka mteja yule yule leo hapa, mara kule, na kila dirisha likamwuliza yeye ni nani. Kikapu cha manunuzi kilichokuwa kimejaa kikaonekana kitupu.

Mafundi walipata dawa. Mgawa mzigo huhesabu ni mashine ipi yenye kazi chache, tena humpa mgeni kijikaratasi cha utambulisho, kiitwacho kuki, akionyeshe kila arudipo. Zamani proksi iliweza pia kuandika juu ya ombi anwani ya mtumaji wa kweli, ingawa maandishi hayo huweza kughushiwa na yeyote. Na sasa ambapo barua nyingi husafiri zimefungwa kwa siri, karani hawezi tena kuzifungua aandike kitu. Anwani za mpango mpya, IPv6, zatosha kumpa kila mtu yake, lakini mpango huo haujaenea kila mahali.

Ila kwa polisi, jambo zito si dirisha lililoelemewa. Ni mtu kuadhibiwa kwa kosa la jirani. Mwanzoni mwa Januari 2007, Wikipedia iliifungia anwani moja kwa sababu ya mharibifu. Kumbe anwani hiyo ilikuwa ya proksi iliyobeba takriban nchi nzima ya Qatar. Huko ilikuwa ni kuzuiwa kuandika tu. Katika upelelezi, huweza kuwa ni mlango kuvunjwa usiku. Mwezi Oktoba 2017, Europol, shirika la polisi la Ulaya, lilionya hadharani kwamba kushiriki anwani kunawaweka watu wasio na hatia karibu na wahalifu.

Anwani moja ina namba za milango 65,536. Kampuni ikimpa kila mteja milango elfu moja, watu 60 na zaidi hutumia anwani hiyo kwa pamoja. Kwa hiyo tangu mwaka 2011 wahandisi wa intaneti wamependekeza kwamba seva ziandike namba ya mlango pamoja na anwani na saa kamili. Na saa yenyewe ina mtego wake. Saa mbili usiku ya Bujumbura ni saa tatu usiku ya Dar es Salaam, na katika daftari za seva nyingi, zifuatazo saa ya kimataifa, ni saa kumi na mbili jioni. Mpelelezi akikosea saa moja, kampuni itamtolea jina la mtu aliyeutumia mlango ule kabla au baada ya yule anayetafutwa. Ombi linalopelekwa kwenye kampuni lapaswa liwe na anwani, mlango, tarehe, na wakati hadi sekunde, likitaja ni saa ya wapi.