Dhahabu Safi Haitoshi: Jinsi ya Kuitambua Sarafu ya Roma

Bunia inaijua dhahabu. Tangu ile ya eneo la Kilo igunduliwe mwaka 1903, Ituri imelea vizazi vya watu wanaopima ubora wa dhahabu kwa jicho, mizani na asidi. Lakini mtu akileta sarafu yenye kichwa cha kaisari wa Roma, ujuzi huo hujibu swali moja tu: je, hii ni dhahabu? Dhahabu iliyochimbwa juzi inaweza kupigwa chapa ya kaisari Augusto; itakuwa dhahabu halisi na sarafu ya bandia.

Anza na uzito, kwani Warumi walikuwa na vipimo vikali. Kwa ratili moja ya Kirumi, Augusto alitoa takriban sarafu 40 za aina ya aureus, kila moja karibu gramu 7.9. Mwaka 64 BK Nero alitoa 45, za gramu 7.3 hivi. Mwanzoni mwa karne ya 4, Konstantino alileta sarafu ya solidus: 72 kwa ratili, kama gramu 4.5. Basi Augusto wa gramu 4.5 anajikana mwenyewe.

Kisha ipime ikiwa imening'inizwa kwa uzi ndani ya maji. Sarafu ya gramu 7.3 ya dhahabu safi hupungua takriban gramu 0.38, ya shaba nyeupe au ya njano hupungua zaidi ya maradufu.

Hatua ya tatu ni kusoma. Herufi V husimama mahali pa U. AVG ni Augustus, jina la cheo la makaisari, COS ni konsuli, na tarakimu inayofuata COS huonyesha mara ngapi kaisari alishika cheo hicho. Kaisari Hadrian alikuwa konsuli mara tatu, ya mwisho mwaka 119. Hivyo COS III kwenye sarafu yake ni sahihi, ila COS IIII ni uongo.

Tazama pia ukingo kwa lenzi. Sarafu za Roma ziligongwa kwa nyundo, mara nyingi picha ikakaa upande kidogo. Mstari wa kiungo ukingoni, vitundu vidogo na herufi zisizo na makali ni dalili za kumiminwa kwenye kalibu.

Maandishi yakiwa ya Kigiriki, na masuke ya nafaka yakizunguka kichwa cha mfalme, fikiria Aksum, dola ya Ethiopia na Eritrea ya leo, iliyotoa sarafu za dhahabu tangu karne ya 3. Hilali juu ya kichwa ni ya kabla ya mfalme Ezana kuupokea Ukristo katika karne ya 4. Baada ya hapo ukaja msalaba.

Kabla ya hayo yote kukamilika, usiisugue, usiitie asidi, usiipeleke kwenye moto. Ipige picha pande zote mbili, andika uzito, kipenyo na kila herufi, kisha umpelekee mtaalamu wa makumbusho. Sarafu ikishayeyushwa, hulipwa kwa gramu tu, na habari zake hazirudi tena.