Funika Daftari, Ujiulize

Kiswahili, ambacho wenyeji wa Nyamirambo na Biryogo mjini Kigali wamekizoea tangu zamani, kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Askari ajifunzaye huambiwa atambue kwanza kama yeye ni mtu wa kusikia au wa kuona. Wataalamu waliochunguza dai hilo mwaka 2008 hawakupata ushahidi wa kutosha.

Mwaka huo huo, nchini Marekani, wanafunzi walifunzwa maneno 40 ya Kiswahili. Baada ya wiki moja, walioendelea kujiuliza walikumbuka kiasi cha asilimia 80; walioendelea kusoma tu hawakufika 40.

Basi, ndugu msomaji, funika daftari, jiulize, kisha ujisahihishe. Jioni, mkeo au mwanao akuulize. Heri kukosea nyumbani kuliko kazini.